Doom kwenye Linux: baiti nne zilizonipeleka Chake bure

Nyota moja, na hiyo naitoa shingo upande.

Doom ni mchezo wa kompyuta wa kufyatua risasi, wa zamani. Anayetaka kucheza tu aende zake, matoleo yaliyokwisha kurekebishwa na watu yapo tele na yanafanya kazi. Miye nilitaka msimbo wenyewe, ule uliotolewa na id Software Disemba 1997, niukompaili, yaani niugeuze uwe programu inayowaka, kwa mkono wangu kwenye laptopu ya Linux hapa Wete, Pemba, nimwoneshe mpwa wangu mchezo tuliokuwa tukigombania zamu enzi zetu. Tamaa mbele.

Kikwazo cha kwanza kilinichekesha. Faili moja la msimbo linaita faili jingine, errnos.h. Hakuna kitu hicho, ni errno.h, herufi moja imezidi. Nikaifuta, ikapita. Nikawasha. Maandishi yakaanza kushuka, R_Init, yaani hatua ya kuandaa picha, vinukta vinajipanga, roho inanidunda, mara pu! Imekufa. Ujumbe wenyewe mstari mmoja, kwamba programu imegusa kumbukumbu isiyo yake.

Kumbukumbu! Nikaamini RAM, chipu za kumbukumbu za mashine, imeharibika. Nikapanda gari mpaka Chake, kwa fundi. Hakuinua hata macho kwenye simu. "Mzee, gemu waachie watoto. Weka Windows." Akaitazama mashine dakika mbili, akataka elfu kumi "ya kuangalia". Nikalipa, maana nilishakaa kwenye kigoda chake na watu wananitazama. RAM ilikuwa nzima.

Sasa nisikilizeni kosa lilipokuwa, maana mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili. Kila picha ya ukuta imeandikwa kwenye faili la data kwa mpangilio: jina baiti 8, kisha vitu viwili vitatu, kisha pointa (namba inayoonesha mahali kwenye kumbukumbu) ya baiti 4, kisha idadi ya vipande vinavyounda picha. Mchezo ulipotoka 1993 pointa ilikuwa baiti 4, hakuna ubishi. Kwenye mashine yangu ya biti 64 pointa ni baiti 8. Kwa hiyo kila kilichofuata kinasomwa baiti 4 mbele ya mahali pake, idadi ya vipande inatoka takataka, programu inaifuata takataka hiyo mpaka shimoni.

Na pembeni ya pointa hiyo, yakhe, wameandika wenyewe kwa herufi kubwa: OBSOLETE. Yaani haitumiki! Haina kazi yoyote, imekaa tu, kama mtumbwi uliooza ulioachwa katikati ya njia ya kwenda pwani, kila apitaye usiku anajigonga. Hiyo ndiyo iliyonila elfu kumi na nauli.

Nikaigeuza ikawa int, namba ya kawaida ya baiti 4, na palipoandikwa mara 4 kwenye kutenga nafasi za pointa nyingine nikaweka mara 8. Ikapita. Halafu ikakataa skrini yangu kwa kuwa inataka ya rangi 256 tu, nikaifungulia Xephyr, programu inayoigiza skrini ndani ya dirisha, yakaisha.

Hapa lazima niseme kweli. Ramani ya kwanza ilipotokea, kidirisha chenyewe kidogo kama stempu ya posta, nilisimama. Peke yangu, sebuleni, mikono kichwani. Msimbo wa watu wa Marekani wa miaka yote hiyo, umenisubiri miye niufungulie mlango Wete. Na unasomeka, wallahi, kuliko mingi ya siku hizi. Nyota nne. Nilishaanza kuandika nyota nne.

Kisha nikafyatua bastola. Kimya.

Sauti inapitia programu ya pembeni inayotafuta /dev/dsp, mlango wa sauti wa Linux za zamani, na mashine yangu haina kitu hicho. Muziki ndiyo kabisa, haumo. Nasikia toleo la DOS lilitumia maktaba ya sauti ya mtu mwingine, wasingeweza kuitoa. Sawa, haki ya mtu ni haki yake. Lakini Doom bila sauti ni urojo bila ukwaju! Rudini kwenye nyota moja. Au mbili, sijui, nimechoka na umeme wenyewe unakatika.

Mpwa wangu alikuja baada ya skuli, akakaa, akabonyeza mara tatu. "Mjomba, mbona halilii?" Nikamwambia limeharibika. Akanitazama, akarudi kwenye skrini, akaendelea kucheza huku anajipigia risasi mwenyewe kwa mdomo, pu, pu, pu, mpaka magharibi.