Kozi ya falsafa ya kusikiliza, Descartes hadi Kant: barua za Elisabeth pekee zinatosha kukufanya uinunue

Mihadhara 12 ya sauti na kijitabu cha kusomea. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoinyima nitasema kwa nini. Mimi ni mwalimu wa hisabati, falsafa sikusomea. Nilichotaka ni kuona watu waliodai kuthibitisha kuwepo kwa Mungu walivyopanga hatua zao, nizikague moja moja kama ninavyokagua daftari la mwanafunzi.

Mwanzo ni mzuri sana. Mhadhiri anaanza na kitabu cha Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, cha mwaka 1641, na hana papara. Milango ya fahamu hudanganya. Ndotoni tunaamini tuko macho. Huenda hata yupo pepo mjanja anayetupotosha tunapojumlisha mbili na tatu. Kinachosalia ni kwamba anayeshuku yupo, maana asiyekuwepo hawezi kushuku. Halafu kinakuja kipande cha nta, kimetoka mzingani karibuni, bado kina harufu ya maua. Ukikisogeza kwenye moto, harufu inapotea, rangi inabadilika, umbo linayeyuka, nawe bado unasema ni nta ileile. Umejuaje, ikiwa kila ulichokigusa na kukinusa kimeondoka? Sehemu hii niliirudia kwa raha tu.

Kwenye Mungu, Descartes anasema kuwepo hakuwezi kutengwa na Mungu, kama ambavyo pembetatu haiwezi kutengwa na ukweli kwamba pembe zake tatu ni sawa na pembe mraba mbili. Mwalimu yeyote wa jiometri ataruka hapo. Kanuni ile inatuambia pembetatu, kama ipo, itakuwaje. Haituletei pembetatu mezani. Kozi inalisubirisha pingamizi hili mpaka mhadhara wa mwisho, kwa Kant na mfano wake wa thala 100 (sarafu za fedha: kuziwaza hakuziweki mfukoni), wakati Gassendi, mkosoaji wa Descartes, alikwisha sema kwamba kuwepo si sifa miongoni mwa sifa, na maneno yake yalichapwa pamoja na kitabu chenyewe cha Descartes mwaka uleule wa 1641. Arnauld, mkosoaji mwingine, naye alikuwa humo, akiuliza: kama tunajua kwamba tunachokiona waziwazi ni kweli kwa sababu Mungu yupo, na tunajua Mungu yupo kwa sababu tunaliona hilo waziwazi, tumeanzia wapi? Arnauld amepewa dakika chache mno. Daftari la namna hiyo ningelirudisha kwa mwenyewe.

Lakini mhadhara wa tatu, jamani. Mei 1643, Elisabeth, binti wa mfalme wa Bohemia aliyepoteza kiti, akiwa na umri wa miaka 24 na anaishi uhamishoni The Hague, anamwandikia Descartes swali moja: nafsi isiyo na ukubwa wala mguso inausukumaje mwili? Kitu husukumwa kwa kuguswa, na wewe umeshasema nafsi haigusi. Descartes anajibu kwa mfano wa uzito, tunaoudhani unalivuta jiwe chini bila kuligusa. Elisabeth hakubali, anasema ni rahisi kwake kuipa nafsi ukubwa na mata kuliko kukubali kwamba kitu kisicho na mwili kinausogeza mwili. Mwishowe mwanafalsafa anamshauri mambo ya namna hiyo ayatengee saa chache kwa mwaka! Mhadhiri anazisoma barua hizi kwa sauti ya kawaida, bila mbwembwe, nawe unasikia jinsi mtu mwenye akili kubwa anavyobanwa kwenye kona. Hapo ndipo kozi inapolipa gharama yake.

Sasa ile nyota. Kuanzia mhadhara wa tano, wanafalsafa wanagawanywa timu mbili kama mechi: Descartes, Spinoza na Leibniz upande wa akili (maarifa hutokana na kufikiri), Locke, Berkeley na Hume upande wa hisi (maarifa hutokana na kuona na kugusa). Mgawanyo huu unarahisisha mtihani na kuharibu masomo. Locke huyohuyo, nahodha wa timu ya hisi, aliandika kwamba kuwepo kwa Mungu ni kwa hakika sawa na usawa wa pembe zinazotazamana pale mistari miwili iliyonyooka inapokatana. Alidai kulithibitisha kwa hatua, akianza na kuwepo kwake mwenyewe na kwamba utupu hauzai kitu. Hiyo ni kazi ya akili tupu. Kozi imeliruka kabisa, kwa sababu lingeivuruga timu. Berkeley naye amepita mbio, na hawakugusa alivyowakejeli wanahisabati mwaka 1734 kwa viwango vyao vya udogo usio na kikomo, akiviita mizuka ya viwango vilivyokwisha kufa. (Wenzangu wa hisabati, tafuteni hilo, linauma na linachekesha.)

Spinoza ni wa wastani. Kuhusu nafsi, Locke anarudi na nguvu. Sura ya utambulisho wa mtu, aliyoiongeza toleo la 1694, imeelezwa vizuri: fahamu za mwana wa mfalme zikiingia mwilini mwa mshona viatu, nani ajibu kwa matendo ya yule wa kwanza? Hume anafuata, akijitafuta ndani asikute ila mkusanyiko wa joto, baridi, upendo, maumivu, kimoja baada ya kingine. Ila mhadhiri anaishia kwenye ushindi huo, haufikii ule ukurasa wa nyongeza ya kitabu chake wa 1740 ambao Hume mwenyewe anakiri amepotea ndani ya hoja yake na haoni njia ya kutokea.

Sauti ni safi, mhadhiri hapayuki. Kijitabu ni chembamba na hakina zoezi hata moja. Andaa daftari lako. Mgeni kabisa aanze na mihadhara minne ya mwanzo, kisha aruke hadi Locke na Hume. Ule wa Kant unaweza kuuacha: saa moja haimtoshi, na mhadhiri anaonekana kulijua hilo.