Damu au neva: amri ya harufu humfikiaje nondo?

Jana usiku, barazani kwetu Malindi, nondo jike alitua ukutani mbali kidogo na taa. Aliinua tumbo, ncha yake ikachomoza, ikarudi ndani, ikachomoza tena. Hapo ndipo ilipo tezi ya feromoni, harufu inayomwita dume. Amri hutoka kichwani, ila hupita njia mbili.

Ya kwanza ni damu, na hii ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 1984, watafiti Raina na Klun walionyesha kwamba kwa Helicoverpa zea, nondo anayezaa funza wa mahindi huko Marekani, tezi huamshwa na homoni ya kichwani. Mwaka 1989 homoni hiyo ilitambuliwa: PBAN, mnyororo wa asidi amino 33. Hutengenezwa katika fundo la neva lililo chini ya umio, kisha humwagwa kwenye damu ikasafiri hadi nchani mwa tumbo. Ukimkata jike kichwa, tezi hulala. Ukimdunga homoni hiyo, huamka, hata ikiwa mchana kweupe. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Ya pili ni neva. Kwa Lymantria dispar, nondo ambaye viwavi wake hula majani ya miti, ukikata uzi wa neva wa tumboni, harufu hupungua sana, ingawa damu inazunguka kama kawaida. Tena uzi huo hufanya kazi ambayo homoni haiwezi: hurudisha habari juu. Jike akishapandwa, taarifa hupanda hadi kichwani, na harufu huzimwa.