Kinga ya meno ya usiku niliyotengenezewa hapa Malindi

Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko Shela. Kwa miaka miwili nilikuwa naamka taya limekaza, hata mahamri nikiyaona magumu. Mume wangu ndiye aliyenambia: “Mama, wasaga meno usiku, sauti yaniamsha.” Mama mkwe akasema ni minyoo. Nikameza dawa ya minyoo, na meno nikaendelea kuyasaga.

Kliniki niliyokwenda mwisho naisifu kwa jambo moja kubwa: daktari hakukimbilia kuniuzia kitu. Alinambia nibane meno, akaweka vidole shavuni na kuufuata msuli kutoka mfupa wa shavu hadi pembe ya taya. Alipobonyeza pale pembeni, niliruka. Akapanda kwenye panja, nako kukauma, kumbe ndiko yalikotoka yale maumivu ya kichwa niliyokuwa nikiyasingizia jua. Kisha akanipa kioo nitazame ulimi wangu: kingo zote zina alama za meno, kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi wenye meno.

Akanieleza waziwazi kwamba wako wasagao meno kila usiku wasiumwe na kitu, na wako waumwao taya bila kusaga sana. Kinga, kile kifuniko cha kuvaa kwenye meno ukilala, huzuia meno yasilike, lakini kusaga kwenyewe huenda kusikome. Akaniuliza kama nakoroma, kama nanywa kahawa nyingi, na taya lauma saa ngapi. Nikajibu asubuhi, halafu tena jioni. Ya asubuhi, akasema, yafanana na kusaga usiku, ila ya jioni tuyatafute mchana. Nikamwonyesha nifanyavyo kazi: pini tatu nne nimezibana kwa meno kutwa, na uzi naukata kwa meno. Akasema midomo ifungwe lakini meno yaachane, yakutane wakati wa kula tu. Siku hiyohiyo nilishona kimto kidogo cha kuchomekea pini, nakifunga kwenye kifundo cha mkono.

Lalamiko langu ni muda. Chapa ya meno, yaani umbo la meno yangu la kutengenezea kinga, ilipelekwa Mombasa, nikaahidiwa wiki moja, zikawa tatu, na kila mara mimi ndiye niliyepiga simu. Kinga ilipofika ikagandamiza gego la kushoto. Hapo sina neno, waliichonga papo hapo bila kunidai senti.

Nililipa shilingi 12,000, na kwangu hizo ni madera mengi. Kinga yenyewe ni ya plastiki ngumu. Ile laini ya kuchovya kwenye maji moto kisha uiume nilishawahi kununua dukani, nikawa naitafuna usiku kucha kama ubani. Hii ngumu siku za mwanzo ilinijaza mate, sasa nailalia bila kuikumbuka. Naiosha kwa maji baridi, maana ya moto huipinda.

Huu ni mwezi wa tano. Kinga ina mikwaruzo upande wa kulia, nikipitisha ukucha naisikia. Bila kinga, mikwaruzo hiyo ingekuwa kwenye meno yangu. Asubuhi taya bado hukaza siku mojamoja. Maumivu ya jioni yalikwisha, yakarudi wiki ya kuelekea Idi, nguo za watu zimenijaa na pini zikanirudia mdomoni. Ukienda, taka uandikiwe tarehe ya kuichukua kabla hujatoa malipo ya kwanza.