Nyumba ya zamani kwenye baridi: nunua dari kwanza, hita baadaye

Kila mwezi wa sita ndugu zangu walioko Njombe na Makete hunipigia simu na swali lilelile: ninunue hita gani? Nami huwauliza, ukilala ukitazama juu unaona nini? Wengi wanaona kenchi, papi na bati tupu. Hapo ndipo fedha inapaswa kwenda kwanza.

Nyumba za tofali za kuchoma walizotuachia wazee zina kuta nzuri. Tatizo lao ni juu. Joto hupanda, na bati halilizuii hata kidogo. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4, ukitaka ndani pazidi nje kwa nyuzi joto 10. Kwa hesabu ya kawaida ya uhandisi, bati tupu linapoteza zaidi ya wati 1,000. Ni nusu ya nguvu ya hita kubwa, na yote inaishia angani. Weka dari ya mbao, upotevu unashuka hadi kama wati 350. Tandaza juu ya dari hiyo sufi ya nyuzi za kioo, yaani tabaka laini kama pamba la kuzuia joto lisipotee, ya unene wa milimita 50, unabaki na wati 100 hivi. Hakuna hita dukani itakayokupa faida ya namna hiyo.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa dari yenye sufi juu yake. Kwa maeneo yale mbao ya paina ndiyo chaguo langu, kwa sababu inatoka hapohapo, Mufindi na Njombe. Chagua zile zinazoingiliana ubavuni, na hakikisha zimekauka kabisa na zimetiwa dawa ya wadudu. Mbao mbichi ikishapigwa misumari hunywea, na baada ya miezi michache utaona nyufa kila mahali. Jipsamu inapendeza na inazuia baridi karibu sawa na mbao, ila tone moja la mvua linaiharibu, na bati la zamani halikosi tundu la msumari. Ziba bati kwanza. Dari ya plastiki ni rahisi kusafisha, lakini usiiweke karibu na bomba la moshi. Sufi nayo isigusane na bati, kwa sababu alfajiri bati hutoa jasho na sufi iliyolowa haina kazi. Fundi avae glovu na barakoa anapoitandaza.

Kama fedha haitoshi nyumba nzima, anza na chumba wanacholala wazee. Kwa bibi yetu tulifanya hivyo, chumba kimoja tu, na Julai ile aliacha kulala na kitenge kichwani.

Nafasi ya pili ni mianya, na hii ni kazi ya bei nafuu kuliko zote. Mpira wa kuzunguka fremu ya mlango, silikoni kwenye vioo vilivyolegea, pazia zito linalofika chini. Yale matundu ya hewa juu ya dirisha usiyazibe yote, hasa kama ndani kutawashwa moto.

Ya tatu ni jiko la kuni la chuma lenye mlango na bomba linalotoka juu ya paa. Dohani ya wazi, yaani moto wa ukutani usio na mlango, inapendeza macho, nami naipenda, lakini sehemu kubwa ya joto lake inapanda na moshi. Jiko lililofungwa linabakiza chumbani sehemu kubwa zaidi ya joto la kuni zilezile. Choma miwati au mkaratusi uliokauka. Bomba lipigwe brashi kila mwaka, na pale linapopita kwenye dari ya mbao liachiwe nafasi ya kutosha.

Hita ya umeme inakuja ya nne. Usidanganyike na maneno ya kwenye boksi: ya feni, ya mafuta au ya nyaya nyekundu, zote uniti moja ya umeme inatoa joto lilelile. Ya mafuta ni salama zaidi chumba cha kulala. Ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo saa tano inakula uniti 10, yaani kama shilingi 3,500 kwa usiku mmoja kwa bei ya kawaida ya LUKU. Na inavuta karibu ampea 9, kwa hiyo nyaya za zamani zikaguliwe kwanza, na isichomekwe kwenye ekstensheni.

Jiko la mkaa halina nafasi kwenye orodha yangu. Watu wengi huamini kwamba moshi ukiisha na mkaa ukishika vizuri, hatari imeisha. Siyo kweli. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Usiliingize chumbani, hata kwa dakika chache za kupasha kitanda.