Ziwa Tanganyika: kulifunga kwa msimu au kudhibiti ukubwa wa macho ya nyavu?
Kwa ukaguzi, kufunga ni rahisi: mtumbwi wenye wavu majini umeshakosea, hakuna haja ya kupima. Tanzania ilifunga 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ila mvuvi na mchuuzi wa dagaa hukosa kipato kwa pamoja, na Kongo, Burundi au Zambia ikilegea, nafuu huvuka mpaka na samaki.

Kanuni ya nyavu haiui kipato, lakini kila mwalo unahitaji mtu wa kupima jicho. Kasoro kubwa: migebuka wachanga huifuata taa ileile ya kuvulia dagaa, hivyo wavu halali huwazoa pia. Dhidi ya makokoro, nyavu za kukokota zinazokwangua mazalia ufukweni, hapo kanuni ya nyavu inashinda.

Doria haba, kaya zina mashamba? Fungeni. BMU (kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi mwaloni) imara, kaya zinategemea ziwa tu? Anzeni na nyavu.