Kamusi ya Cambridge ya mtandaoni: inafaa kiasi gani ukitaka kusema "si kweli" kwa Kiingereza?

Anayetaka kukanusha jambo kwa Kiingereza hapungukiwi maneno. Kinachomtatiza ni kujua lipi linamtuhumu mtu na lipi linaigusa habari tu. Kwa kazi hiyo kamusi hii ya bure inazishinda orodha tupu za visawe, kwa sababu inaweka alama ya matumizi kando ya neno. Kati ya maneno ya kusema "upuuzi", "rubbish" ni ya Uingereza, "baloney" ni ya Marekani na ya mtaani, "bullshit" ni tusi.

Andika "untrue", soma maana, kisha shuka hadi kwenye maneno yanayohusiana. Hapo ndipo wengi huteleza. Maneno yamepangwa bila kutofautishwa, na mtu huokota linalomvutia. Fungua kila moja, uone limeandamana na nomino gani. "Trumped-up" hukaa na "charges", yaani mashtaka ya kubambikiza. Takwimu zilizokosewa ni "inaccurate". "Unfounded" na "baseless" hazisemi kwamba jambo ni uongo, zinasema halina ushahidi. "Misleading" ndiyo yenye hila kuliko zote, maana kila sentensi inaweza kuwa kweli na msomaji bado akapotoshwa.

"False" inaihusu habari. "Lie" inamwangukia mtu, kwa kuwa inadai alijua anachofanya. Ukiiandika kwenye barua ya kazini bila ushahidi wa nia, umejitafutia kesi. Bungeni Uingereza wabunge hawaruhusiwi kuitana waongo, na ndiyo maana "terminological inexactitude" (kutokuwa sahihi kwa istilahi), maneno ya mwanasiasa wa Uingereza Winston Churchill ya mwaka 1906, yamebaki kuwa njia ya adabu na ya kejeli ya kuutaja uongo.

Kasoro zipo. Huwezi kuanzia na "uzushi" ukapelekwa kwenye neno la Kiingereza linalofaa. Lazima uwe na neno la kuanzia. Mifano ya chini kabisa ya ukurasa imechotwa kwenye maandishi mbalimbali, na kamusi yenyewe inatahadharisha kwamba maoni yaliyomo si ya wahariri wake, hivyo tegemea zaidi ile iliyo chini ya maana. Kwenye simu matangazo yanakera. Na usikimbilie maana ya kwanza ya "false": "false teeth" ni meno ya bandia, hakuna aliyedanganya.

Kwa mtafsiri au karani wa ofisi, inatosha. Mwanafunzi anayeanza atazame kwanza alama za ngazi ya ugumu wa neno, kuanzia A1 (rahisi kabisa) hadi C2 (gumu kabisa), ayaache ya C kwa sasa.