Sahani ya moto ya kupimia maumivu ya panya, kwenye maabara ya Mwanza

Imeundwa vizuri, ila kioo chake kinadanganya: kikisoma nyuzi 52, kona za sahani ziko 49. Hakikisha kwa kipimajoto kingine kabla hujamweka panya. Umeme ukikatika na kurudi, kama tunavyoujua, joto hupitiliza, subiri litulie. Panya akilamba mguu wa nyuma, simamisha saa. Sekunde 30 zikipita kimya, mtoe, ataungua.

Kwa wachunguzi wa gamba la hisi, tabaka la nje la ubongo linalopokea hisia, inafaa kuliko kipimo cha mkia, ambapo mkia ndio hupashwa joto: kurusha mkia ni kazi ya uti wa mgongo tu, kulamba kunahitaji ubongo. Ishara za mguu wa kushoto hupita thalamasi, kituo cha hisia ndani ya ubongo, hadi gamba la kulia. Lakini seli zinavyofanya kazi huzioni hapa. Hilo linataka elektrodi, vijiwaya vya kunasa umeme wa seli.